Pacha na Siku Arubaini: Neno, Majina na Malezi ya Watoto Wawili katika Afrika ya Mashariki

Neno pacha halimo katika orodha ya maneno ambayo wanazuoni wa Kiswahili wamezoea kuyabishania. Si la Kiarabu, si la Kihindi, wala si la Kireno, na yamkini kwa sababu hiyo limepita kimya kimya katika kamusi, likipewa mstari mmoja au miwili kisha likaachwa. Hata hivyo ni miongoni mwa maneno ya kale yaliyomo katika lugha hii, na ukale wake una khabari ya kueleza. Wakikuyu husema mahatha, Warundi husema amahasa, Wachewa husema mapasa, na Wanyakyusa wa Rungwe husema ilipasa kwa umoja. Mtu asiyezoea kulinganisha lugha angedhani kuwa haya ni maneno mbali mbali yaliyofanana kwa bahati. Lakini na ayatazame pamoja na neno la kucheka. Mswahili hucheka, kwa Kikuyu ni theka, na kwa Kirundi, Kichewa na Kinyakyusa ni seka. Palipo na ch ya Kiswahili pana th ya Kikuyu na s ya lugha zile tatu, katika kucheka kama katika pacha. Na ile p ya Kiswahili iliyolegea ikawa h katika Kikuyu na Kirundi ndiyo ile ile inayoonekana tukilinganisha panda na Kikuyu handa, au -pa na Kirundi -ha. Mabadiliko yanayofuata kanuni namna hii hayaletwi na kuazimana njiani. Ni alama za urithi.

Yapo maneno mawili yasiyokaa sawa katika safu hiyo. Kisukuma kina mabasa, chenye b mahali pa p, na Kishona kina mapatya, ambayo mwisho wake si ule ambao neno la kucheka (seka, katika Kishona pia) lingetufanya tuutazamie. Maneno haya ni ya ukoo ule ule bila shaka, ila kila moja limepatwa na jambo lake. Upande wa kaskazini na magharibi ya Ziwa Viktoria safu hii inakatika, na neno jingine linashika mahali pake: Waganda husema balongo, na Wanyoro na Wahaya husema abarongo. Basi ramani ya neno hili ina mpaka, na mpaka huo, kama itakavyoonekana mbele, unapita pia katika majina na ada.

Maana yake kwa historia ni nyepesi. Kabla ya lugha hizi kuachana, wasemaji wa lugha mama yao walikuwa na neno maalum kwa watoto wawili wa tumbo moja, na watu hawatungi neno maalum kwa jambo wasilokutana nalo. Fauka ya hayo, neno hilo lilikaa katika ngeli yenye kiambishi ma-. Jambo hili laweza kumpita msomaji wa Kiswahili kwa sababu ma- hubeba mambo mengi. Lakini mahali mojawapo pa ngeli hii katika lugha za Kibantu ni pale pa vitu viendavyo viwili viwili: macho, masikio, mabega, mapafu, maziwa ya mama. Pacha mmoja, kwa mantiki ya sarufi, ni kama jicho moja: ni nusu ya kitu kilichokamilika kwa wawili. Na ni vyema kukumbuka kuwa katika Kiswahili maziwa ni neno la viungo vya mama na pia la kile kinywewacho. Mapacha na maziwa hukutana katika sarufi kabla ya kukutana kifuani.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Ada za pacha katika Afrika zimeandikwa sana. Waandishi wa mwanzo walizigawa mafungu mawili: kabila zinazoogopa pacha na kabila zinazowafurahia. Mgawanyo huo umerudiwa mpaka umekuwa kama jambo la hakika, nao umeficha upande wa tatu ulio wazi zaidi kuliko hayo mawili, yaani kazi. Watoto wawili wachanga ni kazi ambayo nyumba moja haiwezi kuibeba kwa majuma ya kwanza bila ya watu wengine, na sehemu kubwa ya ada hizi, pamoja na majina yake, hufahamika vizuri zaidi zikisomwa kama njia za kuwapata watu hao.

Kazi yenyewe yaweza kuhesabiwa. Mtoto mchanga hunyonya baina ya mara 8 na 12 kwa mchana na usiku. Pacha wakinyonyeshwa mmoja mmoja, ni baina ya mara 16 na 24. Ikikadiriwa nusu saa tu kwa kila mara, pamoja na kumfuta na kungoja acheue, mama atakuwa ameketi na mtoto kifuani kwa muda wa saa 8 mpaka 12 katika kila saa 24. Saa zinazobaki ni za kuosha, kula, kulala na kujiuguza mwili, na katika nyumba nyingi za zamani, kama katika nyumba nyingi za leo, zilikuwa pia za maji, kuni, jembe na kinu. Zaidi ya hayo, pacha aghalabu huzaliwa kabla ya siku zao na uzito wao ni mdogo. Mtoto mdogo hunyonya polepole, huchoka upesi, hulala kabla hajashiba, na hupoteza joto la mwili. Yule anayehitaji kunyonyeshwa zaidi ndiye asiyelia kwa nguvu.

Waandishi wa vitabu vya mila, ambao wengi wao walikuwa wanaume, hawakuyaandika haya. Walihesabu vibuyu vya pombe na mbuzi waliochinjwa, wakaandika nyimbo za matusi na majani yaliyotumika. Mara mama alizoamka usiku hawakuzihesabu. Ni haki kusema kuwa hawakuruhusiwa kuingia nyumba ya mzazi. Lakini matokeo yake ni kwamba tunazo khabari nyingi za sherehe iliyofanywa uani, na chache mno za chumba ambacho sherehe ile ilifanywa kwa ajili yake.

Mwandishi mmoja aliyeweza kukaribia zaidi ni Monica Wilson. Yeye na mumewe Godfrey walikaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, na kitabu chake juu ya ibada za ukoo kilitoka mwaka 1957. Kwa Wanyakyusa, aliandika, kuzaliwa kwa pacha ni jambo la kutisha. Wazazi na watoto huitwa abipasya, nao huhesabiwa kuwa na hatari kwa jamaa, kwa majirani na hata kwa ng'ombe: anayegusana nao ataendesha tumbo na kuvimba miguu. Kwa hiyo hutengwa mpaka ibada itimizwe, na ibada hiyo ni ndefu, inayowakusanya jamaa wa pande zote mbili.

Hofu hiyo haikuwa ya kuigiza, na si uadilifu wa kielimu kuigeuza ikawa busara ya afya iliyojificha. Mnyakyusa hakusema kuwa anamtenga mzazi ili apumzike. Alisema kuwa anamwogopa. Hata hivyo mtu aangalie kile ambacho hofu hiyo ilikifanya. Iliwatoa wazazi katika kazi za kila siku, na iliwatoa wote wawili, baba pamoja na mama. Jambo la mwisho hili halipatikani kwa urahisi. Kwa uzazi wa kawaida baba alibaki na shughuli zake. Kwa pacha alifungwa na mkewe katika hali moja. Na kwa kuwa hatari iliwafikia jamaa wote, jamaa wote walikuwa na haja ya kufika ibada ifanyike. Hakuna aliyeweza kusema kuwa pacha wa ndugu yake hawamhusu.

Mbali kidogo, kaskazini-magharibi ya Zambia, jambo hili linasemwa wazi zaidi. Victor Turner alikaa kwa Wandembu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na maelezo yake ya ibada ya pacha, Wubwang'u, yamo katika kitabu alichokitoa mwaka 1969. Alieleza fumbo la ibada hiyo kwa namna ambayo mama yeyote wa pacha angeielewa: uzazi ni baraka ambayo watu huiomba, na hapa umekuja kwa wingi kupita kiasi, hata baraka imekuwa dhiki. Wandembu ni wakulima na wawindaji, hawana maziwa ya ng'ombe, na maziwa ya mama mmoja hudhaniwa kuwa hayawatoshi wawili. Basi mama wa pacha huzunguka vijiji vya jirani na ungo mkononi, akicheza na kuinua kitambaa chake cha mbele kuonyesha chanzo cha uzazi wake, akipokea vyakula, nguo na fedha. Hii si kuombaomba. Ni wajibu wake kuzunguka, na ni wajibu wao kutoa. Uzazi unaonyeshwa hadharani kwa sababu ndio unaolipiwa.

Kuvuka mpaka ule wa maneno, kwenye nchi za balongo, mambo hubadilika sura. Katika Buganda, John Roscoe aliandika mwaka 1911 kuwa pacha walihesabiwa kuwa zawadi ya Mukasa, mungu wa ziwa kuu. Wazazi wao hupata vyeo: baba huwa Ssalongo na mama huwa Nnalongo, na vyeo hivyo huwafuata maisha yao yote, hata katika Kampala ya leo ambako dereva wa teksi au mwenye duka akiitwa Ssalongo kila mtu anafahamu kwa nini. Hapa hakuna hofu ya Kinyakyusa, lakini mwiko upo, nyimbo za matusi zipo, na jamaa wa pande mbili wanalazimika kukutana.

Majina ya nchi hizi yanastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa ndiyo maandishi ya zamani zaidi tuliyo nayo juu ya malezi ya pacha. Katika Buganda kijana wa kwanza ni Wasswa na wa pili ni Kato. Binti wa kwanza ni Babirye, jina linalokumbusha babiri, yaani wawili, na wa pili ni Nakato. Wakiwa kijana na binti, majina huchanganyika kwa kufuata nani aliyetangulia: Wasswa na Nakato, au Babirye na Kato. Katika Bunyoro ni Isingoma na Kato, Nyangoma na Nyakato. Warundi huwaita Bukuru na Butoyi. Kila mahali yule wa pili ana alama ya udogo: ile -to ya Kato na ya Butoyi ndiyo iliyorudufika katika mtoto wa Kiswahili. Wanyoro wameipeleka khabari hii mpaka katika historia ya ufalme. Kwa masimulizi yao, kama yalivyoandikwa na J. W. Nyakatura mwaka 1947, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Babito alikuwa Isingoma Mpuga Rukidi, na pacha wake mdogo, Kato Kimera, ndiye aliyekwenda kutawala Buganda. Waganda wana masimulizi mengine juu ya Kimera, na si ajabu: hakuna ufalme unaopenda kuitwa Kato.

Lakini jambo lenye maana zaidi ni kwamba majina haya hayaishi kwa pacha wenyewe. Mtoto aliyewatangulia pacha katika Buganda huitwa Kigongo, anayewafuata ni Kizza, na anayemfuata Kizza ni Kamya. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, pacha ni Kulwa na Doto, na mtoto anayefuata ni Shija. Kwa nini kuzaliwa kwa watoto wawili kubadili jina la mtoto wa kabla yao na wa baada yao? Yamkini jibu limo katika nyumba wala si mbinguni. Kigongo ndiye mtoto anayenyang'anywa mapaja ya mama yake mara mbili kwa siku moja. Mara nyingi bado ni mdogo, na sasa lazima alelewe na bibi au shangazi. Kizza na Shija ni ushahidi kuwa mama amepona, tumbo limerudi, na hesabu imeendelea mmoja mmoja. Majina yanaweka mstari wa watoto ambao maisha yao yalipindwa na uzazi ule, na kila anayeyasikia anajua nyumba ile ilipita wapi.

Kulwa na Doto wamesafiri kuliko wenzao wote. Majina ya bara yalikuwa na njia nyingi za kushuka pwani, na njia kuu katika karne ya 19 ilikuwa misafara iliyowaleta wapagazi wa Kinyamwezi kwa maelfu mpaka Bagamoyo. Kufikia mwaka 1960, Muhammad Saleh Farsy alipotoa hadithi yake ya maisha ya kijiji cha Unguja, aliwapa ndugu wawili wa kike majina ya Kurwa na Doto, akakiita kitabu kwa majina hayo, wala hakuhitaji kumweleza msomaji wake kuwa hao ni pacha. Tofauti ya l na r ni ya kutazamwa. Kisukuma hakitenganishi sauti hizo mbili. Kiswahili cha Unguja kinazitenganisha, na kilipolipokea jina kilichagua r. Leo katika Tanzania nzima mtu aweza kuwa Mchaga au Mmakonde, Muislamu au Mkristo, akaitwa Kulwa au Kurwa. Jina la kabila limekuwa jina la hali.

Kabla ya kuingia pwani, lipo jambo ambalo haifai kulipita. Wamishonari waliofanya kazi Calabar, katika Nigeria ya leo, miongoni mwao Mary Slessor aliyefika huko mwaka 1876 na kufa mwaka 1915, walieneza Ulaya khabari za kuuawa kwa pacha, na msomaji wa Ulaya akazichukua kuwa ni khabari za Afrika nzima. Afrika haikuwa moja katika jambo hili, kama Ssalongo anavyoweza kushuhudia. Lakini si kweli pia kwamba Afrika ya Mashariki ilikuwa safi. Waandishi wa mwanzo wa karne ya 20 walitaja kabila ambazo pacha, hasa wa uzazi wa kwanza, walitupwa, au mmoja aliachwa. Mtafiti wa leo hapati faida kwa kuyaficha. Anachoweza kufanya ni kuuliza swali ambalo waandishi wale hawakuuliza: katika nyumba isiyo na ng'ombe wala mbuzi wa maziwa, yenye mama mmoja wa miaka 17 anayezaa mara ya kwanza, ni wangapi kati ya pacha waliozaliwa wadogo wangeishi juma la pili hata kama kila mtu aliwapenda? Ada iliyomwacha mmoja na ada iliyowaita majirani wote zilijibu swali lile lile. Majibu hayakuwa sawa kwa uzuri, na hakuna sababu ya kuyafanya yawe sawa.

Pwani, swali liliingia katika nyumba iliyokuwa tayari na utaratibu wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapwa na Carl Velten mwaka 1903, aliona inafaa kuanza na mimba na uzazi, kwa kuwa ndipo mtu anapoanza. Lugha yenyewe inaonyesha uzito wa majuma hayo. Mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, neno ambalo kwa siku nyingine zote ni la baba na mama sawa. Katika siku arubaini ni lake peke yake. Ana mkunga wake, anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja tumboni, anapewa uji na mchuzi wa pilipili manga, na hapiki. Siku arubaini hizo si kisio la wakunga tu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, damu ya uzazi kwa ada ni siku arubaini na upeo wake ni siku sitini, na kwa muda huo mwanamke hana sala wala saumu. Sheria na desturi zimeshikana mikono kumweka kitandani.

Utaratibu huu ulifanywa kwa kipimo cha mtoto mmoja. Mbeleko ni moja kwa sababu mgongo ni mmoja. Hata mahari yanaukumbuka mzigo huo: katika vitu ambavyo bwana arusi alimpelekea mama wa bibi arusi vilikuwamo mkaja na ubeleko, malipo ya tumbo lililofungwa na ya mgongo uliobeba. Mama wa pacha wa kike alistahili mikaja miwili kwa tumbo alilolifunga mara moja, lakini mibeleko miwili aliistahili kweli kweli, kwa kuwa mtoto wa pili alikuwa lazima abebwe na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa dada, wifi, au mtumishi wa nyumba. Na katika karne ya 19, katika nyumba za wenye mali, alikuwa mtumwa, ambaye watoto wake mwenyewe hakuna aliyewaandika.

Siku ya saba huja akika. Kwa sunna, mtoto wa kiume huchinjiwa mbuzi wawili na wa kike mmoja. Baba wa pacha wa kiume anatazamiwa mbuzi wanne katika juma ambalo nyumba yake haijalala. Wanavyuoni wamekuwa wapole juu ya jambo hili. Mbuzi mmoja mmoja hutosha kwa asiyeweza, na asiye na kitu hana lawama. Lakini nyama ya akika hugawiwa, na palipo nyama palikuwa na wanawake wa kuipika, na wanawake wale hawakuondoka bila kumshika mtoto mmoja mama alale.

Zito zaidi lilikuwa la maziwa, na hapa sheria ina uangalifu ambao wageni hawakuufahamu. Mzazi wa pacha akipungukiwa, jirani anayenyonyesha angeweza kumsaidia. Kwa Shafii, hata hivyo, kunyonya mara tano mbali mbali, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, huleta udugu unaozuia ndoa kama udugu wa damu. Tuseme basi pacha ni wa kiume, na jirani amempokea Doto kwa siku kadha. Doto amekuwa mtoto wake wa kunyonya, na binti zake wote wamekuwa dada za Doto. Kurwa, aliyebaki kwa mama yake, hapatwi na hukumu hiyo. Ndugu wawili waliolala tumbo moja kwa miezi ile ile: mmoja akikua aweza kumposa binti wa jirani, na mwenzake ni haramu kwake. Ndiyo maana wazee waliuliza kwanza jirani ana watoto gani kabla ya kuuliza ana maziwa kiasi gani, na ndiyo maana mara nyingi aliyenyonyesha alikuwa shangazi au bibi mdogo, mtu ambaye watoto wake pacha hawangewaoa vyovyote, au familia haikukusudia wawaoe. Kukumbuka nani alinyonya wapi kulikuwa kazi ya wanawake, na ushahidi wao ulisikilizwa.

Elimu ya leo imeongeza jambo ambalo lingewapunguzia wazee wale mashaka. Maziwa ya mama hufuata kunyonywa: kadiri yanavyotolewa mara nyingi ndivyo yanavyotengenezwa, na mama wengi wa pacha wanaopata chakula, maji na usingizi wanaweza kuwatosheleza wawili. Upungufu aghalabu huanza pale mama anapochoka, au mtoto mdogo aliposhindwa kunyonya katika siku za mwanzo, au maziwa ya kopo yalipoingizwa kabla ya wakati. Kinachokosekana mara nyingi ni saa za usingizi za mama. Wakunga wengine hufundisha kuwanyonyesha wote wawili pamoja, kila mmoja chini ya kwapa moja, na hesabu ile ya saa 8 mpaka 12 hupungua karibu nusu. Kwa watoto wenye uzito mdogo, hospitali nyingi zimechukua njia iliyoanza Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, ya kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto la mzazi. Kwa pacha, baba hupewa mmoja. Mnyakyusa aliyefungwa ndani pamoja na mkewe asingeona ajabu.

Hata hivyo khabari si njema zote. Mwaka 2017 Christiaan Monden na Jeroen Smits walitoa hesabu zilizokusanywa kutoka nchi 30 za Afrika kusini ya Sahara. Kati ya kila pacha 1,000 waliozaliwa hai, waliokufa kabla ya miaka mitano walikuwa karibu 328 katika miaka ya 1995 mpaka 2001, na karibu 213 katika miaka ya 2009 mpaka 2014. Kwa watoto waliozaliwa peke yao, idadi ilishuka kutoka karibu 129 mpaka karibu 64. Yaani wote wamepata nafuu, lakini pacha wameachwa nyuma: zamani hatari yao ilikuwa mara mbili na nusu ya wenzao, na sasa imezidi mara tatu. Chanjo na vyandarua vimewafaa watoto wote. Mwezi wa kwanza wa pacha unataka kitu ambacho hakigawiwi kwa sanduku.

Kitu hicho ni watu, nao ndio waliopungua. Mzazi wa mjini, katika chumba cha kupanga cha Dar es Salaam au Nairobi, mama yake yuko mkoani, wifi yake yuko kazini, na likizo ya baba ni ya siku chache. Siku arubaini zimebaki katika maneno, na katika simu za jamaa wanaouliza kama zimekwisha ili waje kuwaona watoto. Yaya, ambaye jina lake lilitoka kwa Wareno likapita Uhindi kabla ya kufika kwetu, amechukua mahali pa wanawake watano, kwa mshahara wa mmoja.

Wodini, pacha wanapozaliwa, kabla hawajapewa majina ya vyeti, huandikwa kwa hesabu: pacha wa kwanza, pacha wa pili, saa na dakika, uzito kwa gramu. Hesabu hiyo ni ya lazima, kwa kuwa dawa na maziwa hupimwa kwa kila mmoja, na kuwachanganya ni hatari. Lakini katika wodi za Tanzania bibi akishafika na chupa ya uji huwa hasomi karatasi. Huuliza Kulwa ni yupi, akaonyeshwa, akamchukua Doto.